Kudhibiti Joto la Giaboksi na Difu Katika Uwanja wa Mbio za Magari: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Dereva anayepeleka gari lake la kila siku katika uwanja wa mbio hujiandaa kwa breki, matairi na maji ya rejeta, na hufanya vyema, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyomkwamisha mapema. Giaboksi na difu (kisanduku cha gia kinachopeleka nguvu kwenye magurudumu na kuyaruhusu kuzunguka kwa kasi tofauti kwenye kona) husahauliwa kwa sababu katika magari mengi hazina mshale wowote kwenye dashibodi, hazitoi mvuke, na huharibika kimyakimya: oili huungua leo, sili huanza kuvuja baada ya wiki kadhaa, na beringi ya pinioni (gia ndogo inayoizungusha krauni, gia kubwa ya difu) huanza kulia miezi baadaye, wakati ambao hakuna tena anayeihusisha na ile siku ya uwanjani. Mwongozo huu unafuata mpangilio ninaoamini ndio sahihi, yaani kupima kwanza, kisha kushughulikia oili, kisha uendeshaji, na mwisho kabisa rejeta ya oili. Wengi huanzia mwisho. Hununua rejeta na pampu kabla ya kujua kama gari lina tatizo, na wanachopata ni mabomba zaidi ya kuvuja chini ya gari ambalo huenda halikuyahitaji.

Joto linatoka wapi

Ndani ya difu hakuna kitu kinachowaka. Karibu joto lake lote ni nguvu ya injini iliyopotea njiani kabla ya kufika kwenye magurudumu. Jozi moja ya gia katika giaboksi ya kawaida hupoteza takriban asilimia 1 hadi 2 ya nguvu inayoipitia, lakini krauni na pinioni ya difu ya nyuma, ambazo kwa kawaida ni za aina ya haipoidi, hupoteza zaidi, mara nyingi kati ya asilimia 3 na 6, kwa sababu pinioni imewekwa chini ya kitovu cha krauni na meno yake hukwaruzana kwa kuteleza badala ya kuviringishana tu. Muundo huo ndio unaoifanya difu iwe imara na isiyo na kelele barabarani, na ndio huohuo unaoifanya ipate moto uwanjani.

Tuchukue gari lenye injini ya kilowati 300. Difu yake ikipoteza asilimia 4 wakati dereva amekanyaga mafuta hadi mwisho, hizo ni kilowati 12, sawa na mabirika sita ya umeme ya jikoni yaliyowashwa kwa pamoja ndani ya chombo chenye oili isiyozidi lita moja na nusu. Katika raundi nzima mafuta hayakanyagwi muda wote, kwa hiyo wastani unaweza kuwa nusu ya hapo. Hata kwa kilowati 6, difu yenye chuma cha kilo 35 hivi pamoja na oili yake ingepanda kwa takriban digrii 20 za Selsiasi kila dakika kama isingepoozwa na upepo hata kidogo. Kwa kuwa upepo upo, joto hupanda haraka mwanzoni, kisha kasi ya kupanda hupungua kadiri joto linaloingia linavyokaribia kulingana na linalotoka. Kila gari lina kiwango chake cha kutulia, na kazi yote ya mwongozo huu ni kujua kiwango cha gari lako kiko wapi na kukishusha ikiwa kiko juu mno.

Ulinganisho na barabara ya kawaida unaeleza kwa nini tatizo hili humshtua mtu. Gari dogo linalosafiri kwa kilomita 100 kwa saa kwenye tambarare huhitaji takriban kilowati 15 hadi 20 tu kusukuma upepo na kushinda msuguano wa matairi, na kinachopotea kwenye difu hapo hakifiki hata kilowati moja. Difu iliyodumu miaka mingi ya safari ndefu bila malalamiko inaweza kwa hiyo kuzidiwa ndani ya nusu saa ya uwanjani, na si kwa sababu ni mbovu.

Mfano unaojulikana sana ni wa Ford Shelby GT350 ya mwaka 2016. Gari hilo liliuzwa kwa sifa za uwanjani, lakini matoleo yake ya bei ya chini hayakuwekewa rejeta za oili za giaboksi na difu ambazo zilikuwamo katika toleo lenye vifaa vya uwanja. Baadhi ya wamiliki walieleza kwamba baada ya muda mfupi wa mbio gari lilijipunguzia nguvu lenyewe ili kujikinga na joto, na mwaka 2017 walifungua kesi katika mahakama ya shirikisho huko Florida, Marekani. Katika magari ya mwaka 2017 vifaa hivyo vya kupoozea viliwekwa kwa matoleo yote. Chevrolet nayo, ilipotoa Corvette ya mwaka 2014, iliweka rejeta za giaboksi na difu katika kifurushi cha Z51 na si katika gari la msingi. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote, soma orodha ya vifaa vya toleo lako mahususi, si la gari linalofanana nalo kwa sura.

Hatua ya kwanza: Kagua gari likiwa baridi

Pandisha gari kwa jeki, liweke juu ya stendi imara, na uangalie mambo manne. La kwanza ni kiwango cha oili. Katika difu nyingi na giaboksi nyingi za gia za mkono, oili hujazwa hadi ifike kwenye ukingo wa chini wa tundu la kujazia, gari likiwa limelala sawasawa. Ikipungua, meno na beringi hukosa ulainishaji. Ikizidi, krauni huivuruga kama mwiko chunguni, nguvu hiyo ya kuvuruga inageuka kuwa joto, na povu linalotokea hupunguza uwezo wa oili kulainisha. Fungua nati ya kujazia kabla ya kugusa nati ya kumwagia, maana ukishamwaga oili yote ndipo ukagundua kwamba ya kujazia imegoma, gari haliondoki hapo.

La pili ni bomba la kupumulia. Oili na hewa iliyomo vikipata moto hutanuka, na bomba hilo likiziba kwa tope au vumbi, shinikizo hutafuta njia kupitia kwenye sili. Sili nyingi zinazovuja baada ya siku ya uwanjani zilisukumwa na shinikizo hilo, na kuzibadilisha bila kuzibua bomba ni kulipa fundi mara mbili.

La tatu ni jirani za difu. Tazama eksozi inapita wapi na iko mbali kiasi gani. Bomba la eksozi lililobadilishwa na kusogezwa karibu na difu au chini ya giaboksi linaweza kuongeza joto ambalo halihusiani kabisa na kazi ya gia, na bamba la kuzuia joto lililoondolewa na fundi kwa sababu lilikuwa likigonga lina thamani kuliko mwenye gari anavyodhani. Angalia pia vifuniko vya chini ya gari, kwani vifuniko vinavyopendeza kwa kupunguza upinzani wa hewa huweza kuinyima difu upepo wote iliokuwa ikiutegemea.

La nne ni matairi, hasa kwa gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne. Matairi mawili mapya mbele na mawili yaliyolika nyuma hayana mzingo mmoja, na tofauti hiyo huifanya difu ya kati au klachi ya kugawia nguvu ifanye kazi bila kupumzika hata kwenye njia iliyonyooka. Subaru Impreza WRX STI ina taa maalumu ya kuonya kuhusu joto la oili ya difu ya nyuma katika matoleo yake kadhaa, na shinikizo la upepo au ukubwa wa matairi usiolingana ni miongoni mwa mambo ya kuchunguza taa hiyo inapowaka. Magari ya Subaru ni mengi Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, na tabia ya kununua matairi mawilimawili kwa chapa tofauti ni ya kawaida sana huko. Mwenye gari la namna hiyo asiende uwanjani kabla ya kuweka matairi manne yanayofanana.

Hatua ya pili: Pima

Njia rahisi kuliko zote ni stika za joto. Ni vipande vidogo vyenye vidirisha vilivyoandikwa viwango vya joto, na kila kidirisha hugeuka kuwa cheusi pale kiwango chake kinapofikiwa, kisha hakirudi tena kuwa cheupe. Safisha sehemu ya chini ya difu na ya giaboksi kwa dawa ya kuondoa mafuta, kausha, bandika stika inayoanzia karibu digrii 80 hadi 160, na baada ya kipindi cha kwanza utajua joto la juu kabisa lililofikiwa hata kama hukuwa ukitazama. Kumbuka kwamba ganda la nje huwa na joto pungufu kuliko oili iliyo ndani, hivyo liongezee digrii kadhaa katika hesabu zako.

Kipimajoto cha mionzi cha kushika mkononi ni kizuri pia, lakini kina mtego. Aluminiamu inayong'aa hutoa mionzi michache, na kipimo kitakuonyesha joto dogo mno kuliko lililopo, wakati mwingine nusu yake. Paka doa la rangi nyeusi isiyong'aa, ukubwa wa kiganja cha mtoto, kwenye ganda la difu na jingine kwenye giaboksi, na upime hapohapo kila mara, ndani ya dakika moja baada ya kusimama.

Kwa anayekwenda uwanjani mara kwa mara, sensa halisi ndani ya oili pamoja na geji kwenye dashibodi ndiyo suluhisho. Zipo nati za kumwagia oili zilizotobolewa kwa ajili ya kupokea sensa, na ufungaji wake ni kazi ya kubadilisha nati tu. Hakikisha sensa haichomozi kiasi cha kuguswa na krauni, na kwamba nati haining'inii chini kiasi cha kukwaruzwa na kingo za njia. Magari ya otomatiki ya kisasa kwa kawaida yana sensa ya joto la oili ndani ya giaboksi tayari, na kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya uchunguzi, pamoja na programu ya simu inayolitambua gari hilo, hutosha kukuonyesha namba hiyo.

Kuhusu viwango, mimi hutumia hivi. Kwa difu na giaboksi ya gia za mkono zenye oili ya sintetiki, hadi digrii 120 sina wasiwasi. Kati ya 120 na 140 ninaendelea, lakini najua oili hiyo haitadumu. Ikikaribia 150, napunguza mwendo raundi hiyohiyo. Kwa otomatiki yenye konveta (kiungo kinachopitisha nguvu ya injini kwenda kwenye giaboksi kwa kutumia oili), oili yake hufanya kazi vizuri kati ya digrii 80 na 95, kwenye 110 ni wakati wa kulegeza, na 120 ni wakati wa kutoka. Kanuni inayotumika sana na wahandisi wa vilainishi ni kwamba kila digrii 10 zinapoongezeka, kasi ya oili kuharibika kwa oksijeni huongezeka takriban maradufu, na kwa hiyo digrii 20 za ziada hazikati umri wa oili kidogo tu bali huubakiza robo. Sili za mpira wa kawaida wa naitraili nazo huanza kukakamaa zikikaa muda mrefu kwenye joto la zaidi ya digrii 100 hadi 120, huku zile za mpira wa floro zikistahimili karibu digrii 200. Ukifungua giaboksi kwa sababu nyingine yoyote, hiyo ndiyo nafasi ya kuweka sili bora.

Hatua ya tatu: Oili

Oili ya difu ya haipoidi inatakiwa kuwa na kiwango cha GL-5, ambacho viambato vyake vya salfa na fosforasi hujenga utando unaozuia chuma kushikana na chuma pale meno yanapoteleza kwa shinikizo kubwa. Giaboksi ya gia za mkono ni habari nyingine. Nyingi huhitaji GL-4 au oili maalumu ya mtengenezaji, kwa sababu pete za sinkromeshi za shaba nyeupe au nyekundu zinaweza kuliwa na viambato vya GL-5, na pia kwa sababu pete hizo zinahitaji msuguano kiasi ili ziweze kulinganisha mwendo wa gia kabla haijaingia. Mtu anayemwaga oili ya difu kwenye giaboksi kwa hoja kwamba ni kali zaidi huishia na gia zinazokwaruza. Katika Subaru nyingi za gia za mkono, giaboksi na difu ya mbele hutumia oili moja ndani ya ganda moja, hivyo hapo hakuna kubuni: fuata kitabu cha gari.

Uzito wa oili unategemea joto ulilopima. Kama difu inatulia kwenye digrii 110 na kitabu kinasema 75W-90, baki na 75W-90 ya sintetiki. Kama inapita 130, 75W-140 hubakiza utando mnene zaidi, kwa kuwa oili ya SAE 140 ni lazima iwe na mnato wa angalau sentistoki 24 kwenye digrii 100, ilhali SAE 90 huanzia 13.5. Lakini oili nzito huvurugwa kwa nguvu zaidi ikiwa bado haijapata moto na yenyewe huongeza joto kidogo. Kuiweka katika gari ambalo halikufika huko ni hasara. Difu ya LSD (inayozuia gurudumu moja kuzunguka bure) yenye klachi huhitaji pia kirekebisha msuguano kama mtengenezaji alivyoelekeza, la sivyo italia na kutetemeka kwenye kona za polepole, na sahani zake zitasuguana vibaya zikiongeza joto lilelile unalolikimbia.

Badilisha oili kabla ya siku ya kwanza ya uwanjani ili uanze na kipimo safi, kisha ibadilishe tena baada ya siku hiyo. Baada ya hapo stika au geji zitakuambia. Iliyofika 150 mara moja ibadilishwe bila mjadala. Iliyokaa chini ya 120 inaweza kuvumilia siku kadhaa. Difu iliyofungwa krauni na pinioni mpya isipelekwe uwanjani kabisa kabla haijazoeshwa, kwa maana meno mapya hupata moto kupita kiasi yakiwa bado hayajakaana. Iendeshe taratibu kwa dakika kumi na tano au ishirini, iache ipoe kabisa, rudia mara kadhaa, kisha mwaga oili hiyo ya mwanzo.

Hatua ya nne: Uendeshaji

Hapa ndipo dereva anapoweza kupata digrii nyingi bila kutoa hata shilingi. Raundi ya kwanza iwe ya kupasha moto, kwa kuwa oili ya gia huchelewa kupata moto kuliko maji ya injini. Mshale wa maji ukiwa katikati, oili ya difu inaweza bado kuwa nzito na baridi. Usikanyage mafuta hadi mwisho wala usilazimishe gia katika raundi hiyo.

Katika gari lenye injini mbele na magurudumu ya kusukuma nyuma, giaboksi ya gia za mkono mara nyingi ina gia moja ya moja kwa moja, kwa kawaida ya nne katika giaboksi ya gia tano, ambapo shafti ya kuingilia imefungamana na ya kutokea na nguvu haipiti kwenye gia za pembeni. Gia hiyo ndiyo inayotoa joto dogo kuliko zote. Penye kona mbili ambapo unaweza kuchagua kati ya gia ya tatu kwa kelele nyingi na ya nne kwa kelele ndogo, chagua ya nne kila raundi ya pili. Muda unaopotea ni mdogo na giaboksi hupata nafasi ya kupumua.

Kwa otomatiki, adui mkubwa ni konveta inapoteleza. Klachi ya kuifunga inapokuwa haijashika, tofauti ya mwendo kati ya injini na giaboksi yote inageuka kuwa joto ndani ya oili. Tumia hali ya kuchagua gia mwenyewe, shikilia gia moja inayofaa sehemu nzima ya uwanja badala ya kuiacha giaboksi irukeruke, na epuka kukanyaga mafuta kwa nguvu kutoka mwendo mdogo sana, ambapo konveta huteleza kuliko mahali pengine popote.

Gurudumu linalozunguka bila kushika ni tanuri. Dereva anayetoka kona huku gurudumu la ndani likisaga lami huipa difu ya LSD kazi ya kusuguana kwa sekunde kadhaa katika kila kona, na kwa gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne lenye klachi ya kati inayofunga kwa umeme, mfumo hatimaye hujitoa ili kujikinga na gari hubaki likivutwa na magurudumu mawili pekee. Badiliko hilo likitokea katikati ya kona ya kasi, tabia ya gari hubadilika ghafla, na hapo suala la joto limekuwa suala la usalama. Sukuma mafuta taratibu usukani unapofunguka, na ukihisi nyuma au mbele inavuta tofauti na raundi iliyotangulia, chukulia kwamba kuna kitu kimepata moto hadi uhakikishe vinginevyo.

Taa ya onyo ikiwaka au gari likijipunguzia nguvu, usisimame ghafla wala kuzima injini papo hapo. Toka kwenye mstari wa mbio, washa ishara au toa mkono kulingana na utaratibu wa uwanja huo, waache wengine wapite, panda gia moja juu na umalize raundi kwa injini iliyotulia, chini ya mizunguko 3,000 kwa dakika. Upepo unaopita chini ya gari kwa kilomita 80 kwa saa unaipoza difu kuliko kusimama kwenye kivuli. Raundi hiyohiyo ya kupooza ifanywe mwisho wa kila kipindi hata kama hakuna taa iliyowaka, na vipindi viwe vya dakika kumi na tano hadi ishirini. Ukifika maegeshoni usivute breki ya mkono. Weka gia, kinga magurudumu kwa vizuizi, na uchukue kipimo chako kwenye doa jeusi kabla hujavua kofia.

Hali ya hewa ihesabiwe pia. Rejeta au ganda lenye oili ya digrii 120 katika hewa ya digrii 20 lina tofauti ya digrii 100 ya kusukuma joto nje. Katika hewa ya digrii 40 tofauti hiyo hubaki 80, yaani moja ya tano ya uwezo wa kupoa imetoweka. Wanaoendesha katika viwanja vya Ghuba kama Dubai Autodrome na Yas Marina wanalijua hili vizuri, na ndiyo maana vipimo vya Januari havimsaidii mtu anayeingia uwanjani Mei.

Hatua ya tano: Rejeta ya oili, ikiwa vipimo vimeidai

Kama baada ya yote hayo difu bado inatulia juu ya 140, anza na kilicho rahisi. Kifuniko cha aluminiamu chenye mapezi huongeza eneo la kupoa na, kwa baadhi ya aina, kiasi cha oili, na bomba la hewa kutoka chini ya bampa au pembeni mwa gari linaloelekeza upepo kwenye difu linaweza kushusha joto bila kuongeza kiungo hata kimoja kinachoweza kuvuja. Pima tena kabla ya kwenda mbele.

Ikilazimu kuweka pampu na rejeta, mpangilio ni huu. Oili inyonywe kutoka sehemu ya chini ya difu, ipite kwenye chujio la nyavu kabla ya kufika kwenye pampu, iende kwenye rejeta, na irudi juu ya difu ikimwagikia mahali pinioni inapokutana na krauni. Pampu iwe ya kufanyia kazi oili ya gia ya moto, si pampu ya mafuta ya injini iliyobadilishiwa matumizi. Isifanye kazi oili ikiwa baridi, kwa sababu 75W-140 ya asubuhi ni nzito kiasi cha kuunguza fyuzi au kuiua pampu yenyewe. Weka swichi ya joto inayoiwasha kwenye digrii 90 hadi 100, pamoja na rilei na fyuzi yake, na taa ndogo mbele ya dereva inayoonyesha kwamba inafanya kazi. Rejeta iwe mahali penye upepo unaoingia na, muhimu zaidi, unaotoka. Rejeta iliyofichwa ndani ya bampa la nyuma bila tundu la kutolea hewa itapashwa moto na eksozi. Pale upepo usipotosha, ongeza feni.

Otomatiki nyingi tayari hupooza oili yake ndani ya rejeta ya maji, na huko joto lake haliwezi kushuka chini ya joto la maji yenyewe. Rejeta ya pili ya hewa ikiwekwa baada ya hiyo husaidia sana, lakini iwe na thamostati ili oili isibaki baridi mno katika matumizi ya kila siku.

Mabomba yapitishwe mbali na eksozi na shafti, yafungwe kila baada ya sentimita thelathini hivi, na yasiguse chuma chenye kingo. Bomba la oili ya difu likipasuka, oili humwagikia matairi ya nyuma ya gari lako, kisha mstari wa mbio wa kila anayekufuata, na ikidondokea eksozi inaweza kuwaka. Baada ya kufunga, jaza difu, washa pampu hadi mabomba na rejeta vijae, kisha jaza tena hadi kwenye ukingo, kwa kuwa mfumo mpya humeza oili ya ziada ambayo kipimo cha kitabu hakikuihesabu.

Hatua ya sita: Baada ya siku ya uwanjani

Usifungue nati ya oili ikiwa ya moto wa uwanjani. Subiri ganda liwe la kugusika kwa mkono, bado likiwa na uvuguvugu ili oili imwagike vizuri. Itazame kwenye beseni safi. Oili iliyogeuka nyeusi na kunuka kama kitu kilichoungua imefika mahali ambapo hupaswi kuifikisha tena. Iliyo na rangi ya maziwa imeingia maji, pengine kupitia bomba la kupumulia wakati wa kuosha gari. Kisha chunguza sumaku ya nati. Unga laini wa kijivu, kama rojo, ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha ni meno au beringi inayobomoka, na difu hiyo ifunguliwe kabla ya kurudi uwanjani. Vumbi la rangi ya dhahabu katika oili ya giaboksi linatoka kwenye pete za sinkromeshi, na hapo uliza kwanza ni oili gani iliyowekwa.

Mwisho, sikiliza gari katika safari ya kurudi nyumbani, madirisha yakiwa yamefungwa na redio imezimwa. Mluzi unaosikika unapokanyaga mafuta na kunyamaza unapoyaachia, au kinyume chake, huashiria kwamba meno ya krauni na pinioni hayakutani tena mahali pake. Muungurumo unaoongezeka na mwendo wa gari, bila kujali mguu uko wapi, ni wa beringi. Mwambie fundi ni upi kati ya hiyo miwili na unatokea kwa mwendo gani, pamoja na joto la juu kabisa ulilopima siku hiyo, na atajua aanzie wapi kabla hajafungua nati hata moja.